Alama za Zambarau Shingoni

Tangu nipone, watu wa mtaani wananiuliza kitu kimoja tu: ni kanisa gani lililoniombea? Huwaambia kwamba waliniombea wote, na jibu hilo hawalipendi. Mtu anataka jina la kanisa na siku ya ibada ili ampeleke mgonjwa wake, na mimi namwelewa kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Kama daktari amekuambia kuna kitu kinaota shingoni mwako, na nyumba yako imejaa wenye Biblia kila mmoja akivutia upande wake, keti nami kidogo. Dawa sina. Nina yaliyonipata.

Jina langu ni Zablon, ila pale Kaloleni wengi wananijua kama Baba Joyce. Kazi yangu ni ya bati. Nina kibanda Shauri Moyo ambako nakata na kukunja masanduku ya wanafunzi wa bweni, na shule zikifungwa natengeneza majiko. Uvimbe ulianza chini ya sikio la kushoto wakati mvua za mwezi wa nne zilipoanza kunyesha. Ulikuwa mdogo na haukuuma, nikasema ni jino. Kisha nikaanza kuamka na damu kwenye mto. Kijana mmoja tuliyefanya kazi naye kibanda kimoja alinitazama siku moja akaniambia, "Msee, si uende hosi? Hiyo kitu inakua." Nikamwambia ashughulike na mkasi wake. Nilikuwa mkali miezi ile, na nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa.

Sitawachosha na habari za daktari. Walinikata kipande kidogo, tukangoja, tukarudi, tukangoja tena. Alipolitaja lile neno, saratani, baba yangu alikuwa ameketi kando yangu na kofia yake magotini, na nakumbuka aliigeuza kofia ile ikatazama juu, halafu akaigeuza tena.

Baba alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, na nyumba tuliyokaa Kaloleni ndiyo aliyonilelea kabla hajastaafu na kurudi kwetu magharibi. Aliposikia naumwa alikuja bila kuitwa. Lakini kwa desturi yetu baba halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo alilala kwa binamu yake Shauri Moyo, na kila alfajiri alitembea kwa miguu kuja kunichukua. Alisimama nje akakohoa. Rispa, mke wangu, alimpa chupa ya uji kupitia kwangu, kwa maana mkamwana naye hamkaribii mkwewe ovyo. Ndipo tukaenda, mzee mbele na mgonjwa nyuma. Watu walidhani mimi ndiye ninayemsindikiza.

Matibabu yangu yalikuwa ya miale. Kabla ya siku ya kwanza, mama mmoja wa mashine alinilaza, akanigeuza kichwa kwa mikono miwili, na kunichora shingoni na shavuni kwa wino wa zambarau. Mistari, kisha misalaba midogo. Alipomaliza akaniambia, "Zablon, hizi alama ndizo macho yangu. Maji yasiguse hapa. Sabuni isiguse. Mpaka mimi mwenyewe nikuambie." Hakuhitaji kunieleza mara mbili. Bati lisilo na mstari halikatwi. Mstari ukifutika, hata fundi awe na mkono wa namna gani, anaharibu mali ya mtu.

Nikawa mtu wa kutembea na michoro. Watoto wa jirani walinifuata hadi kwenye mfereji wa maji wakinitazama. Mate yalinikauka, nikawa siwezi kumeza mkate bila kuulowesha. Chai ikawa na ladha ya msumari. Ngozi ya shingo iligeuka nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria, na ndevu zikaacha kuota upande wa kushoto huku za kulia zikiendelea kama kawaida. Binti yangu Joyce alicheka mpaka akaketi chini, nami nikacheka, na siku ile nzima ilikuwa nyepesi. Mwenye kuumwa asizikatae siku kama hizo.

Benchi la kungojea lilikuwa refu na lilikuwa na watu wa kila namna. Palikuwa na mama wa Kihindi aliyekuja na tasbihi yake ya mbao, mwanamume wa kilemba cheupe aliyeimba chini chini, na jirani yetu wa kila siku, Salim, mzee wa Majengo aliyeuza viatu vya mitumba Gikomba. Yeye alikuwa na alama zake kwenye taya. Salim na baba walipatana siku ya kwanza kwa kugombana. Waligombania bei ya samaki, wakagombania treni za zamani, na hatimaye wakafika kwa Yesu.

"Sisi tunampenda Isa kuliko nyinyi," Salim akasema. "Hatukumsulubisha."

"Hamkumsulubisha, na bado hamtaki awaokoe," baba akajibu.

"Mzee, wewe unaniletea uji kila asubuhi. Utaniokoa wewe."

Kweli, baba alimmiminia uji wetu kwenye kifuniko cha chupa. Mimi nilikuwa natemea kwenye mkebe na kuwasikiliza, na nilikuwa karibu kuwa na furaha.

Lazima nieleze sasa jambo la kwetu. Kanisa nililozaliwa ndani yake halibatizi kwa maji. Wazee wetu walitufundisha kwamba ubatizo ni wa Roho, moyoni, na maji ni ya kuoga na kupikia. Baba alikuwa mzee wa kanisa hilo na ameifundisha imani hiyo tangu mimi sijazaliwa. Mama aliishi nayo na kufa nayo. Tulimzika nyumbani miaka michache kabla ya ugonjwa wangu, na hakuna tone la maji lililowahi kumwagwa juu yake kwa jina la dini.

Rispa alikuwa amelihama kanisa hilo. Dada yake aliishi Komarock, na huko palikuwa na kanisa jipya la watu wenye bidii, lenye ngoma na mikesha. Mimi sikumzuia. Nilipoanza kukonda, mchungaji wake alikuja nyumbani na waumini wake, wakanipaka mafuta, wakaomba mpaka majirani wakazima redio. Alikuwa mtu mpole, na nasema hivyo kwa makusudi, msije mkamfanya shetani wa hadithi hii. Alipomaliza aliniuliza kwa upole, "Ndugu Zablon, umebatizwa?"

Nikamwambia habari za Roho na za moyoni.

"Kwa maji, ndugu yangu. Maji mengi." Akafungua Biblia pale panaposimuliwa kuzaliwa kwa maji, akaniachia nisome mwenyewe. "Sitaki nikudanganye. Ukweli ni mmoja."

Neno hilo lilinikaa. Unapolazwa chini ya ile mashine, wote wanatoka chumbani, mlango mzito unafungwa, na yule aliyekuambia usiogope naye yuko nje. Hapo ndipo nilipofikiri. Nilijiambia, Salim anasali mara tano kwa siku na ana hakika. Baba hajawahi kuloa na ana hakika. Rispa ananena kwa lugha na ana hakika. Mafundi watatu wakipima sanduku moja na kupata vipimo vitatu, basi wawili wana futi mbovu, au wote watatu. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kwenda kanisani na sikuwahi kuliuliza swali hilo, kwa maana sikuwahi kudhani nitakufa. Sasa nilitaka kujua. Kama maji yanahitajika, niyapate kabla ya kufa. Kama hayahitajiki, hayatanidhuru. Ndivyo nilivyohesabu, na nilijiona mjanja sana.

Mfa maji haachi kutapatapa. Julai ilipoingia na baridi yake, nikamwambia Rispa nimekubali. Alilia kwa furaha akanishika miguu. Baba sikumwambia. Nilijiambia nitamweleza baadaye, kwa utaratibu.

Alama sikuzisahau, msidhani hivyo. Jumapili ya ubatizo nilijitengenezea kola ya nailoni nzito, nikaikaza juu na chini kwa vipande vya blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nikaijaribu nyumbani kwa kikombe cha maji, haikupitisha hata tone. Ilikuwa kazi nzuri. Nyuma ya kanisa la Komarock palikuwa na birika la saruji, na maji yalikuwa yamelala ndani usiku kucha. Nilipoingia, meno yaligongana. Mchungaji akaitazama kola yangu, akatabasamu.

"Ndugu Zablon, hii ni nini?"

"Ni ya alama, mchungaji. Za hospitali."

Akafikiri. Naamini alifikiri kweli. "Mwili wote, ndugu. Hatuachi kiungo nje, hasa kile kinachoumwa. Unamficha Mungu shingo yako?"

Watu walikuwa wanaimba. Rispa alikuwa ukingoni na khanga mkononi, akinitazama kama siku ile nilipomwoa. Nikaifungua kola mwenyewe. Nikazama, nikaibuka, na maji yaliyonidondoka kidevuni yalikuwa na rangi ya zambarau.

Je, nilihisi kitu? Watu huniuliza. Ndiyo, nilihisi. Kwa muda mfupi nilikuwa mwepesi na sikuwa na hofu yoyote, na siwezi kusema uongo kulikana hilo ili hadithi yangu inyooke. Kisha nikahisi baridi.

Jioni baba alikuja kunitazama kama ilivyokuwa desturi yake. Rispa akatuwekea chai, akarudi jikoni. Mzee akaniangalia shingo.

"Umeoga?"

"Nimebatizwa, Baba. Komarock."

Kikombe alikishika lakini hakunywa. Nilingoja aniulize habari za alama, au za mafundisho ya kanisa letu, na majibu nilikuwa nayo tele. Akaniuliza, "Na mama yako?"

"Mama vipi?"

"Kama ni maji. Mama yako yuko wapi?"

Nikamwambia, "Mchungaji anasema waliokufa bila maji tumwachie Mungu."

"Mchungaji sikumuuliza. Nakuuliza wewe, Zablon."

Sasa, mimi moyoni nilijua. Mama aliyelea watoto wa watu, aliyewaombea hata waliomwibia kuku, sikuwa na shaka naye hata chembe. Lakini nilikuwa nimechoka na nina baridi, na nilikuwa mwongofu wa nusu siku mwenye kutaka kuwa mkweli kuliko kila mtu. Nikasema, "Sijui, Baba."

Akavaa kofia yake. Jumatatu alfajiri hakuna mtu aliyekohoa nje. Binamu yake alikuja baadaye kuniambia kwamba mzee amepanda basi la kwanza kurudi nyumbani.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Mama wa mashine aliniangalia shingo, akaiweka kalamu chini. "Zablon. Alama zangu ziko wapi?" Nikamweleza. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema hawezi kuchora kwa kukisia, daktari lazima anipime upya tangu mwanzo, na wagonjwa wengine wana zamu zao. Nikarudi benchini bila sababu, kwa kuwa sikujua pa kwenda.

Salim alikuwa pale. Alama zake zilikuwa safi kama siku ya kwanza. Nilimuuliza yeye anafanyaje na udhu wake, kila siku, mara zote hizo.

"Mgonjwa akikatazwa maji, anapangusa kwa udongo safi," akasema. "Imeruhusiwa. Mungu hataki kukuua kwa ajili ya uso." Kisha akanitazama, akaona nimeumia, akageuza utani. "Lakini wewe fundi, maji ulishayavulia nguo. Yaoge tu." Akanisogezea nafasi nikaketi. Baada ya muda akauliza, "Mzee yuko wapi na uji wetu?" Nikamwambia amesafiri.

Kungoja kupimwa upya kulichukua sehemu kubwa ya msimu wa baridi. Uvimbe uliokuwa umenywea uliamka. Walipoanza tena waliongeza na dawa za mishipani, zilizonifanya nitapike hata maji ya kunawia, na nilipomaliza sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Niliwahi kumuuliza daktari kama ni kwa sababu ya ule ubatizo. Akasema hawezi kujua, huenda sikio lingekwenda tu. Nawaambia hivyo hivyo alivyoniambia. Nyinyi mtakaonitumia kuthibitisha kwamba dini ni ujinga, mwacheni Zablon apumzike. Na nyinyi mtakaosema niliponywa na birika la Komarock, nanyi niacheni.

Nyumbani palikuwa pagumu. Siku moja nilimrushia Rispa maneno ambayo sitayaandika. Aliniacha nimalize, akaokota bakuli nililolisukuma, akasema, "Nilitaka tu usife, Baba Joyce. Wangeniambia nikutie kwenye moto, ningekutia." Bado anaenda Komarock, na Jumapili nyingine naenda naye. Nyingine naenda kwetu. Swali la maji sijalipatia jibu, na nimegundua kwamba mtu anaweza kuishi nalo. Mungu sikumwacha. Wenye hakika ndio ninaowasogelea kwa tahadhari sasa, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Salim alimaliza matibabu kabla yangu. Niliahidi kumtembelea Majengo, ni karibu, unaweza kufika kwa miguu. Nilikuwa bado najipanga niliposikia amekufa na amezikwa siku hiyo hiyo, kama ilivyo kwao. Karibu nami nilikuwa na rafiki, na sikuvuka barabara.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye foleni, haya machache ndiyo niliyo nayo. Uombewe na yeyote anayetaka kuomba. Alama usizifute kwa ajili ya mtu yeyote, na mwenye kukuambia Mungu anazichukia, mpeleke kwa mama wa mashine akamweleze. Mkeo akikosea kwa kukupenda, usimlipize. Na mzazi wako akikuuliza jambo la imani huku ameshika kikombe asichokinywa, mjibu unachokijua moyoni. Usimjibu ulichokariri jana. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu sasa ni mkubwa, tunaishi naye.

Baba hayupo tena. Lakini nilimwona mara moja kabla hajaondoka, na hilo ndilo lililobaki kusimulia.

Waliniruhusu kusafiri mwezi wa kwanza, kiangazi kikiwa kikali. Njia nzima nilijiandaa kwa hoja. Nilikuwa na mistari ya Biblia ya upande wake na ya upande wangu. Nilifika nyumbani jua limeegemea, mahindi yamekauka, ng'ombe wamesimama tu, vumbi mpaka kwenye kope. Uwanja wote ulikuwa na rangi ya kahawia, isipokuwa kaburi la mama. Hapo nyasi zilikuwa za kijani, laini, zimejaa, utadhani mvua inanyesha mahali pale pekee. Nilisimama nikafurahi. Nilidhani wamempandia bustani.

Baba alitokea upande wa chemchemi na debe dogo mkononi. Alikuwa amezeeka kwa miezi hiyo michache kuliko mimi niliyekuwa mgonjwa. Hakushtuka kuniona. Alinizunguka akanitazama shingo, pande zote mbili, akagusa pale penye weusi.

"Yale maji," akasema, "yalikuwa baridi?"

"Yalikuwa baridi, Baba."

"Julai." Akatikisa kichwa. "Wakamtumbukiza mgonjwa, Julai."

Nikamuuliza hilo debe ni la nini. Alitazama nyasi.

"Nilifundisha watu miaka yote kwamba maji ni maji tu," akasema. "Kisha wewe ukasema hujui. Nikaona, kama wewe uliyesoma hujui, mimi nitajuaje? Basi huwa namletea. Kila siku. Sijui kama yanamfikia."

Hoja zangu zote zilinitoka. Nilimwambia, na sauti yangu ya siku zile ilikuwa ya kukwaruza, "Baba, mama hajapotea. Hata siku ile nilijua. Hata kabla hujaniuliza."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Hilo ungeniambia pale Kaloleni," akasema.

Nikanyoosha mkono kulichukua debe ili nilirudishe jikoni. Hakuliachia. Akanisogeza taratibu mpaka tukasimama wote wawili kando ya zile nyasi.

"Yameshachotwa," akasema. "Mimina."

Nikamimina.